Majokofu Yaliyongoja Mkasi

Nilitumwa Uzindu kuchukua kichupa kimoja, kidogo kuliko kidole cha mtoto. Ndani yake kulikuwa na kimelea cha homa ya mafundo, kilichodhoofishwa na wataalamu wa zamani mpaka kikawa hakiui tena, ila kinaufundisha mwili kujilinda. Sisi tunaotengeneza chanjo tunakiita mbegu. Ukiwa nayo unaweza kutengeneza chanjo ya nchi nzima, na ukiikosa huna pa kuanzia. Mbegu yetu iliungua maabara yetu iliposhika moto, na chanjo iliyobaki ghalani ilikuwa inakaribia kuharibika. Uzindu walikuwa nayo, wakakubali kutugawia.

Homa ya mafundo huanza kwa uvimbe mdogo chini ya sikio la mtoto. Kesho yake uvimbe unakuwa mwingi, umepangana shingoni kama shanga, na baada ya hapo mtoto hawezi kumeza hata mate. Wazee waliowahi kuiona hawapendi kuizungumzia. Mimi sikuwahi kuiona. Jina langu ni Sikudhani Mlekwa, na kazi hii nimeifanya maisha yangu yote.

Mji mkuu wa Uzindu unaitwa Utepe. Mgeni akiingia, kitu cha kwanza anachokiona ni mawe ya uzinduzi. Kila daraja, kila zahanati, kila choo cha soko kina jiwe lililochongwa jina la mheshimiwa aliyekizindua. Nilipita penye kisima kilichokauka, chenye jiwe zuri la marumaru. Pembeni yake kulikuwa na kisima kingine, nacho kina jiwe, lakini pampu yake ilikatika mpini. Wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye kisima cha tatu. Nikamuuliza mmoja wao kwa nini pampu isitengenezwe, naye akanitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza jambo la chumbani. Akanieleza kwamba mpini ni kitu kidogo, lakini hakuna ofisi nchini yenye ruhusa ya kuununua.

Baadaye nikaelewa. Juu ya mlango wa Hazina yao kumechongwa sheria ya mstari mmoja: Hazina haitoi chochote kwa kitu kilichopo. Niliambiwa kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema. Zamani maofisa walikuwa wakila fedha za umma kwa kisingizio cha ukarabati, mtawala wa wakati huo akachoka. Badala ya kuwakamata wezi, akapiga marufuku ukarabati. Wezi wakahamia kwenye ujenzi, na nchi ikaachwa na nyumba mpya nyingi zinazovuja.

Tangu hapo watu wa Uzindu wanapokutana hawaulizani habari za nyumbani. Wanaulizana, "Unaanza nini?" Asiye na la kuanza huinamisha kichwa. Maofisa huvaa mkasi kifuani kwa mkufu: wa chuma kwa wadogo, wa shaba kwa wakubwa, wa dhahabu kwa waheshimiwa. Kukata utepe ni cheo, na asiye na cheo akiukata anafungwa.

Kichupa nilichokifuata kilikuwa katika Nyumba ya Baridi, nje kidogo ya mji. Hiyo ni nyumba ndefu ya matofali waliyoijenga babu zao, kabla ya sheria ile. Ndani yake kuna vyumba vya ubaridi mkali unaokausha pua, na humo zimehifadhiwa mbegu za mtama wa kila bonde la nchi, damu ya ng'ombe waliokufa kwa magonjwa yaliyokwisha sahaulika, kuvu wanaoozesha migomba, na mbegu za chanjo zote. Nyumba hii haikuwa ya mtu yeyote. Anayetafiti mahindi alipeleka vitu vyake pale na kuchukua vya wenzake. Daktari wa mifugo vivyo hivyo, na wa binadamu pia. Hakuna mtu Uzindu aliyeweza kutafiti kitu chenye uhai bila kupita mlango ule, na hakuna aliyetoa chochote kwa kupita.

Msimamizi wake alikuwa Bi Zamda Mkufya, mwanamke mrefu wa makamo, mwenye tabia ya kutafuna karanga akiwa amesimama na kugusa ukuta wa mtambo kila anapoupita, kama mama anayepima joto la mwanawe. Alinipokea vizuri, akaniita mdogo wake tangu siku ya kwanza. Akanieleza ninalolijua, kwamba kimelea kilicholala miaka kwenye baridi hakitolewi tu kikatiwa mfukoni. Lazima kiamshwe, kilishwe, kipimwe kama ni chenyewe, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Nikakubali kungoja. Ndivyo nilivyopata kuyaona yote ninayoyasimulia.

Mitambo ya kupoza ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa umekufa, na fundi wa nyumba, Nganyuma, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa ameunyofoa vipuri vyote ili kuuweka hai wa pili. Huo wa pili ulikuwa ukitetemeka sana, umefungwa kwa minyororo sakafuni usitembee.

Siku moja tukila chakula cha mchana, Bi Zamda alinisimulia jinsi alivyoiendesha nyumba ile miaka yote. Alikuwa akibuni vitu vipya. Mwaka mmoja aliomba ruzuku ya Mpango wa Mbegu za Kesho, ambao haukuwa kitu ila mlango mpya uliopakwa rangi ya kijani. Waziri akaja, akakata utepe mlangoni, watu wakapiga makofi, na fedha zilizobaki zikanunua dizeli na gesi ya mtambo. Mwaka mwingine alianzisha Kitengo cha Mageuzi ya Ubaridi, nacho kilikuwa meza na kiti. Hakunisimulia kwa kujisifu, wala sikumwona akicheka. Alisema alisoma miaka mingi ajifunze kutunza viumbe, akaishia kuwa mtunga uongo wa serikali.

Halafu wakaguzi wakagundua. Kutumia fedha za kuanzisha kitu kwa ajili ya kutengeneza kitu ni kosa kubwa Uzindu kuliko wizi. Nganyuma alinieleza kwa nini: aliyeiba fedha hizo angalau huwa amenunua gari jipya. Bi Zamda alionywa mbele ya watu kwamba akirudia atapoteza kazi. Kwa hiyo mwaka ule, kwa mara ya kwanza, aliamua kwenda mbele ya Baraza la Ruzuku na kuomba waziwazi fedha za kununua mtambo mwingine na kuutunza uliobaki. Aliniomba nimsindikize, nami nikaenda.

Baraza hukaa katika ukumbi mpya. Kila mwaka hujengwa mpya, na wa mwaka jana huachiwa popo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kilindo Fadhaka, mzee msafi, mwenye maneno laini, mkasi wa dhahabu ukining'inia juu ya kitambi. Ningependa kusema alikuwa mtu katili, lakini hakuwa. Alimkaribisha Bi Zamda kwa heshima na kumuulizia afya yake.

Waombaji huzungumza kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Kijana mmoja aliomba ruzuku ya kuanzisha kituo cha kutafiti magonjwa ya samaki wa jangwani, akapewa. Mwingine aliomba kuanzisha jina jipya la kituo kilichopo. Baraza lilibishana kwa muda mrefu kama jina ni kitu au si kitu, likaona ni kitu, naye akapewa.

Bi Zamda aliposimama alieleza kwa ufupi. Alisema mtambo uliobaki utakufa karibuni, na ukifa kila kilichomo ndani kitakufa siku ile ile. Alisema vitu vile havinunuliki mahali popote duniani. Mjumbe mmoja akamuuliza utafiti gani mpya utatokana na fedha hizo. Akajibu kwamba utafiti wote wa nchi. Mjumbe akasema huo wote tayari unafanyika. Mwingine akauliza kwa nini wanaoitumia nyumba wasiichangie. Hapo akaitwa Profesa Mashobo, bingwa wa vimelea, ambaye hakuna mtu aliyeitumia Nyumba ya Baridi kuliko yeye. Profesa aliisifu mpaka nikadhani ameokoa jahazi. Kisha akaeleza kwamba ruzuku zake zote zimefungiwa kwenye mambo mapya, na hata zingekuwa huru, haoni kwa nini alipie yeye kitu kinachotumiwa na wote.

"Nyumba ile kwetu ni kama hewa," alisema. "Nani amewahi kuomba ruzuku ya hewa?"

Ukumbi ukacheka kwa wema. Mheshimiwa Kilindo akamgeukia Bi Zamda na kumuuliza swali ambalo, kwa mujibu wa kanuni zao, huamua kila ombi.

"Dada yangu, tukikupa fedha hizi, mwakani kutakuwa na nini ambacho leo hakipo?"

Nilijua Bi Zamda angeweza kudanganya, kwani alikuwa mzoefu. Wajumbe wawili watatu walikuwa wakimtikisia kichwa wamhimize, maana hata wao walikuwa tayari kudanganywa.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema. "Mwakani kutakuwa na kile kile kilichopo leo. Ndiyo maana nimekuja."

Ombi lilikataliwa kwa makofi. Sikosei: Uzindu hata kukataa hufanywa kwa makofi, ili mwombaji asijisikie vibaya. Tulitoka, akanunua karanga kwa mama mmoja mlangoni, akanigawia nusu.

Mtambo ulikufa wakati wa joto kali, adhuhuri, nikiwa nimekaa na Bi Zamda tunapima mbegu yangu iliyokuwa imeamka vizuri katika kabati la joto. Tulisikia mlio kama mtu anayekohoa, minyororo ikalia sakafuni, kisha pakawa kimya. Sikuwahi kusikia kimya ndani ya nyumba ile. Nganyuma alikuja mbio, mikono imejaa mafuta, akasema kwa sauti yake ile ya upole kwamba kompresa imepasuka na haina tiba.

Kuta zilikuwa nene, kwa hiyo tulikuwa na saa chache. Nganyuma aliwakimbilia wauza samaki wa sokoni, nao wakatoa barafu yao yote bila kuuliza ya nini. Lakini barafu ya samaki ni joto kwa vitu vile. Kilichohitajika ni majokofu ya ubaridi mkali, na majokofu hayo yalikuwepo. Yalikuwa ng'ambo ya ua, katika Kituo kipya cha Profesa Mashobo, yamepangwa ukutani, mapya kabisa, yamewashwa, yanapoza hewa tupu. Mlangoni kulikuwa na utepe mwekundu. Yalikuwa yakimngoja waziri, aliyekuwa ameahirisha uzinduzi mara kadhaa. Na katika nchi ile kitu kisichozinduliwa hakitumiki.

Bi Zamda alivuka ua kwenda kumwomba Profesa. Nilimfuata. Mashobo alikuwa kivulini pamoja na wageni, akatusikiliza, uso ukambadilika, maana alijua vizuri kuliko wajumbe wote ni nini kilichokuwa kinakufa mle ndani. Zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa humo. Akasema atapeleka ujumbe kwa Mheshimiwa Kilindo kuomba idhini, na tuvute subira. Bi Zamda akamuuliza idhini itachukua muda gani. Profesa akawarudia wageni wake.

Bi Zamda hakubishana naye. Alirudi maabara, akachukua mkasi tunaokatia bandeji, akaenda akasimama mbele ya ule utepe mwekundu. Wageni wa Profesa waliinuka vitini. Aliukata kwa mkato mmoja, akaurusha pembeni, akafungua mlango na kutuita.

Tulibeba mpaka jua likaanza kushuka. Wauza samaki walibeba, hata mke wa mlinzi alibeba. Bi Zamda alisimama kati ya majengo mawili akiamua kipi kitangulie, na kila alichokitaja kilimaanisha kuna kingine kilichohukumiwa. Alitanguliza mbegu za chanjo. Kisha damu za mifugo. Mtama ulipofika zamu yake, ule wa mabonde ambayo siku hizi hayalimwi tena, ulikuwa umekwisha lowa. Nganyuma aliushika, akauweka chini, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake kwa muda. Tuliokoa kama nusu. Tulipofunga mlango wa jokofu la mwisho, Bi Zamda aliketi sakafuni akaegemea ubaridi wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona akitabasamu.

Asubuhi walikuja kumkamata. Mheshimiwa Kilindo alikuja mwenyewe na askari, pamoja na watumishi waliobeba ndoo na matambara. Bi Zamda alitoa mikono bila ubishi. Alichouliza ni ndoo zile ni za nini.

Zilikuwa za kuoshea majokofu.

Nilidhani sikuelewa lugha yao. Nilimfuata Mheshimiwa nikamweleza, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, kwamba vilivyomo ndani vinaweza kukaa salama pale pale mpaka mtambo upatikane, kwamba kosa limeshatendeka na kuvitoa hakulifuti, kwamba mle ndani kuna chanjo ya watoto wake na wajukuu wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Dada mgeni," alisema, "waziri anakuja Ijumaa. Mgeni rasmi hawezi kuzindua kitu kilichokwisha kutumika. Ungekuwa wewe, ungekubali?"

Wakafungua majokofu. Walivitoa vichupa kwa trei, kwa uangalifu mkubwa, bila kuvunja hata kimoja, wakavipanga uani juani. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, ule uangalifu wao. Mmoja alikuwa akifuta vumbi la trei kwa kitambaa. Nilisimama pale nikatazama utando mweupe wa barafu ukigeuka maji juu ya vioo, maji yakitiririka, majina yaliyoandikwa kwa mikono ya watu waliokufa zamani yakifutika. Kazi ya vizazi vitatu ilikufa mbele ya macho yangu kwa muda wa kunywa chai, na hakuna mtu aliyekuwa na hasira isipokuwa mimi, Nganyuma, na yule mwanamke mwenye pingu. Profesa Mashobo alikuwa dirishani. Alishusha pazia.

Nimesikia watu kwetu wakisema kwamba maovu hufanywa na watu waovu. Nawaambia nilikuwepo. Hapakuwa na mwovu uani pale. Palikuwa na watu wenye adabu waliofuata sheria, na ningefurahi kumwona japo mwizi mmoja, kwa sababu mwizi angeiba kichupa, nacho kingesalimika.

Mbegu yangu haikuwa katika majokofu. Ilikuwa bado katika kabati la joto, inakua, na hakuna aliyeikumbuka. Nganyuma aliifunga vizuri akanikabidhi mkononi, akaniambia niondoke nayo kabla hawajaona kwamba kuna kitu bado kinaishi. Nilibaki kwa ajili ya kesi tu. Ilikuwa fupi. Bi Zamda alikiri kukata utepe bila cheo, akahukumiwa kifungo cha miaka. Ijumaa hiyo waziri alikuja, utepe ukafungwa upya, akaukata, akahutubia kuhusu mustakabali wa sayansi. Majokofu yalikuwa yanang'aa. Hayakuwa na kitu cha kuwekwa ndani.

Nilirudi nyumbani. Kwa mbegu ile tulitengeneza chanjo yetu, tukachanja nchi nzima, na kwa kweli ningependa simulizi iishie hapo.

Mvua za pili tangu nirudi, homa ya mafundo iliingia Uzindu. Chanjo yao ya akiba ilikuwa imeharibika, na mbegu walikuwa hawana. Ujumbe ulikuja kwa viongozi wetu. Wapo wenzangu waliotaka tuwaache waone. Sikuwaunga mkono, kwa sababu watakaoona si wale waliopiga makofi. Niliipeleka mbegu mimi mwenyewe.

Nilipofika Utepe, kwa mara ya kwanza maishani niliiona homa ya mafundo. Niliona watoto waliokaa vizingitini na shingo zimeinuka, vinywa wazi, wasioweza hata kulia. Nilimwona baba mmoja akimdondoshea mwanawe maji mdomoni kwa pamba, na maji yakitoka yalivyoingia. Siendelei.

Katika Kituo kipya hapakuwa na mtu aliyejua kuikuza mbegu. Watumishi wa Nyumba ya Baridi walikuwa wametawanyika, na Nganyuma nilimkuta sokoni anauza samaki na wale wale waliotupa barafu. Profesa Mashobo alijua kuizungumzia vizuri sana, lakini hakuwahi kuikuza kwa mkono wake. Siku zote alikuwa akiichukua imekuzwa. Nilisema peke yangu siwezi kuitengenezea nchi nzima, na nikataja jina la mtu anayeweza. Kisha wakaenda kumtoa gerezani.

Bi Zamda alikuja amekonda, nywele zimekatwa, askari akiwa kila upande. Alinishika mkono, akauliza mbegu iko wapi, akavaa koti. Tulifanya kazi mchana kutwa, siku baada ya siku, Nganyuma akituhudumia mitambo, askari wakilala kwenye viti. Hakutaka kuzungumza lolote lisilokuwa la kazi.

Mheshimiwa Kilindo alikuja siku moja tukiwa tunajaza chupa za kwanza. Alikuwa hana mkasi kifuani. Tulikuwa tumesikia kwamba mtoto wa binti yake amezikwa wiki ile, na wa pili ana uvimbe. Alisimama karibu na meza. Sauti yake ilikuwa ya mzee kabisa.

"Zamda, kwa nini hukutuambia kwamba ingefika hapa?"

Bi Zamda alimaliza kujaza chupa aliyoishika, akaifunga, ndipo akamtazama.

"Nilisimama mbele yenu nikawaambia, Mheshimiwa. Mkataka kujua mwakani kutakuwa na kipya gani. Sasa mnacho. Kiko nyuma ya kila nyumba mjini, kina udongo mbichi juu yake. Nendeni mkakizindue."

Mzee alilia. Bi Zamda hakumfariji, wala hakumtukana. Alichukua chupa nyingine. Chanjo za kwanza alizipeleka mtaa wa wachoma matofali, kulikokuwa na watoto wengi wazima bado, na nyumba ya Mheshimiwa ilisubiri zamu ya mtaa wake. Sijui kama mjukuu wa pili alipona. Sikuuliza.

Vifo vilipungua, kisha vikakoma. Baraza likatangaza kupatikana kwa chanjo mpya, na Profesa Mashobo akavishwa mkasi wa dhahabu. Nilikwenda kuomba Bi Zamda aachiliwe. Nilipokelewa kwa wema mkubwa, nikaambiwa kwamba sheria ya msamaha wanayo, ila ofisi ya kuitekeleza haijazinduliwa. Siku hiyo nilipaza sauti. Nilisema maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima, wakanisikiliza mpaka nikamaliza, wakanipigia makofi. Askari wakamrudisha Bi Zamda gerezani jioni ile ile, na mimi nikavuka mpaka.

Alimaliza kifungo chake chote. Siku aliyotoka walimpa ukuu wa Kituo kipya. Aliuliza kama atapewa mtu wa kuitazama mitambo na dizeli ya kuiendesha. Wakamjibu wataunda kamati. Akaaga, akapanda basi la kuja kwetu akiwa na mfuko mmoja, na tangu hapo anafanya kazi nami. Nganyuma alimfuata mwaka uliofuata na familia yake.

Sasa kila inapokaribia mvua, kina mama wa Uzindu huvuka mpaka wakiwa wamebeba watoto, maana chanjo ile iliyotangazwa haijatengenezwa tena tangu mwaka ule. Bi Zamda huwachanja mwenyewe. Hawaulizi kwa nini wametoka mbali, wala hawaambii kwamba anawajua kwa lafudhi.

Juzi nilikuwa nimekaa kando yake. Mama mmoja kijana, vumbi la njiani bado miguuni, alikuwa anamfungua mwanawe kanga huku akieleza kwa furaha kwamba labda hii ndiyo mara ya mwisho kutusumbua. Kwao, alisema, inajengwa hospitali ya watoto, kubwa kuliko zote, na waziri atakuja kuifungua mwezi ujao. Amesikia hata vitanda vimeshafika.

Bi Zamda alipangusa mkono wa mtoto kwa pamba yenye spiriti, akaushika taratibu.

"Mkumbatie vizuri, mwanangu," alimwambia yule mama. "Asichezeshe mkono."

Akamchoma.